Kimaiyo na Dipu ya Kapfilimbi

Kabla ya uhuru, ardhi yote inayopanda kutoka Rongai kuelekea milima ya Mau ilikuwa shamba la mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Filimbi, kwa kuwa aliwaita mbwa wake na wafanyakazi wake kwa filimbi ileile. Mahali penyewe pakaitwa Kapfilimbi, yaani kwa Filimbi, na jina hilo lilibaki hata mwenyewe alipokwisha kwenda zake.

Nyapara wa shamba hilo alikuwa Kimaiyo. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti zito la kijeshi alilolivaa masika na kiangazi, na hakupenda maneno mengi. Ng'ombe wote wa Bwana Filimbi walikuwa chini ya mkono wake, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa dipu. Hilo lilikuwa josho la ng'ombe, handaki refu la saruji lililojaa maji na dawa ya kuua kupe. Ng'ombe aliruka akaingia upande mmoja, akazama mpaka masikio, akaogelea, akatokea upande wa pili akichuruzika. Kila juma Kimaiyo alisimama ukingoni, ufunguo wa stoo ya dawa ukining'inia kiunoni, na hakuna ng'ombe aliyeingia wala dawa iliyomiminwa bila yeye kutikisa kichwa kukubali.

Miongoni mwa wakamuaji alikuwapo Kosgei. Huyu alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka, na ng'ombe wakorofi walitulia akiwaimbia. Kimaiyo ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha kupima dawa kwa kopo, kukoroga maji mpaka yabadilike rangi, kumshika ndama pua ili asinywe. Alimfundisha kwa ukali, na mara moja alimkata posho kwa kuchelewa ilhali mke wa Kosgei alikuwa mgonjwa. Kosgei alikamua kama kawaida siku hiyo. Wenzake walikumbuka.

Uhuru ulipokuja, Bwana Filimbi aliuza, na serikali ikaligawa shamba kwa wananchi. Wengine walitoka mbali, wengine walikuwa wafanyakazi wa palepale. Kimaiyo alipata kipande chake, na Kosgei akapata chake, vikitenganishwa na ua wa miiba. Vilikuwa sawa kwa ukubwa. Wote wawili walikuwa na ng'ombe wachache wa kizungu, wote wawili walijenga nyumba ya udongo na bati. Zamani Kimaiyo alikuwa akilala chini ya bati huku Kosgei akilala chini ya nyasi. Sasa mvua ikinyesha, kelele za bati la Kosgei zilimfikia Kimaiyo kitandani, na zilimkera kuliko zile za bati lake mwenyewe.

Ardhi iligawanywa, lakini dipu haikugawanyika. Ilikuwa ya wote. Afisa wa makazi alikuja kutoka Nakuru akawaita watu katika lile banda la zamani la kukamulia, akawaeleza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna bwana wa kununua dawa. Kila nyumba yenye ng'ombe itatoa mchango. Maji ya dipu yakipungua, kila nyumba itabeba mengine kwa zamu kutoka mtoni. Tope likijaa ndani ya handaki, kila nyumba itatoa mtu wa kulitoa. Na kwa kuwa kupe hachagui, nyumba moja ikikataa, zote zitaumia. Kisha akawaambia wachague mwenyekiti.

Kimaiyo alikuwa amenyoa ndevu asubuhi hiyo. Alikuwa amefikiria maneno ya kusema, si mengi, ya kuwashukuru tu na kuwaonya wale wavivu. Mzee mmoja alipotaja jina la Kimaiyo, mikono kadhaa iliinuka. Mwingine alipotaja la Kosgei, banda zima liliinua mikono, na wanawake waliokuwa wamesimama mlangoni wakainua yao pia. Kosgei mwenyewe alitazama nyuma kana kwamba ametajwa mtu mwingine.

Hakuna aliyemweleza Kimaiyo sababu. Afisa alimwomba akabidhi ufunguo. Aliufungua kutoka kiunoni polepole kwa kuwa kamba ilikuwa imekazwa kwa miaka mingi, na watu wote walingoja wakimtazama akihangaika na fundo. Kosgei aliupokea kwa mikono miwili, kama mtu apokeavyo kitu kwa mkubwa wake. Heshima hiyo ilimchoma Kimaiyo kuliko tusi.

Tangu siku hiyo wivu ukapata makao moyoni mwake. Aliona mambo ambayo hakuwahi kuyaona. Aliona kwamba watu wakipita barabarani walimsalimu Kosgei kwanza, hata kama Kosgei alikuwa shambani mbali na yeye Kimaiyo alikuwa ukingoni mwa barabara. Aliona kwamba kanisani Kosgei aliachiwa nafasi kwenye benchi la mbele. Ng'ombe wa Kosgei alipozaa jike, alihisi kama ameibiwa. Wake alipozaa jike pia juma lililofuata, hakufurahi, maana yule wa Kosgei alikuwa na madoa mazuri zaidi.

Siku za dipu zilikuwa mbaya zaidi. Kosgei, kwa nia njema, alimwita mbele ya watu. "Mzee, hebu njoo unitazamie kama nimepima sawa." Kimaiyo alisogea, akachungulia, akasema ni sawa, na ilikuwa sawa kabisa. Alitamani ingekuwa na kasoro. Alirudi nyuma ya ng'ombe wake akiwa na uchungu mdomoni kama aliyetafuna majani ya shubiri.

Hata nyumbani hakupumzika. Mkewe, Chepngeno, alikuwa mwanamke mchangamfu asiyeficha neno. Alirudi kutoka mtoni akisema Kosgei amepanga zamu za maji vizuri, wenye watoto wachanga wamepewa siku nyepesi. Alirudi kutoka sokoni akisema Kosgei amekwenda mpaka Nakuru kwa wakubwa wa mifugo na chupa ya maji ya dipu ikapimwe nguvu, wakamwambia iko barabara.

"Kosgei, Kosgei," alisema Kimaiyo. "Hata hapa nyumbani kwangu yeye ni mwenyekiti?"

Chepngeno akaenda kupuliza moto. Alikuwa ameelewa ugonjwa wa mumewe, na alijua si wa kutibiwa kwa maneno.

Mwaka wa pili, baada ya kuvuna mahindi, Kimaiyo alishuka mjini Nakuru. Aliingia katika duka la Harbans, Singasinga mwenye ndevu nyeupe aliyeuza plau, minyororo, misumari na dawa za mifugo. Bwana Filimbi alikuwa akinunua hapo, kwa hiyo Harbans alimjua Kimaiyo tangu zamani na bado alimwita nyapara. Neno hilo lilimwingia Kimaiyo kama maziwa ya moto. Aliomba pampu ya kunyunyizia dawa, ile ya kubebwa mgongoni.

Harbans aliishusha kutoka rafu ya juu, akaifuta vumbi, lakini hakumpa mara moja. "Nyapara, kule kwenu iko dipu. Nzuri sana. Pampu ya nini?"

Kimaiyo alisema anataka kuosha ng'ombe wake mwenyewe, kwake mwenyewe.

"Mimi nauza tu," alisema Harbans akiifunga pampu kwa kamba. "Lakini kupe haoni ua."

Kimaiyo alilipa akaondoka. Juma lililofuata hakupeleka ng'ombe kwenye dipu. Wenzake walipopita na makundi yao, walimkuta amewafunga wake zizini, pampu mgongoni, akiwanyunyizia mmoja mmoja. Alifanya kazi hiyo kwa makini ya ajabu. Alinyunyiza chini ya mkia, katikati ya mapaja, na masikio aliyapangusa kwa kitambaa kilicholowa dawa, maana alijua kupe mbaya hupenda kujificha mle. Ng'ombe wake waling'aa. Hakutoa tena mchango, zamu yake ya maji ilipofika hakwenda, na mtu wa kutoa tope hakumtuma.

Watu walikuja kuuliza. Hapo ndipo Kimaiyo alipofanya jambo baya. Angeweza kusema kwamba hapendi kuongozwa na Kosgei, na wangecheka, na yangeisha. Badala yake alisema dipu imekuwa maji matupu. Alisema yeye amesimamia dawa maisha yake yote, na macho yake hayadanganyiki, dawa inapunguzwa. Hakusema nani anaipunguza. Aliacha kila mtu amalizie mwenyewe.

Haikuwa kweli, naye alijua si kweli.

Uongo huo uliwafaa wengi. Kubeba maji kutoka mtoni ni kazi ya kuvunja mgongo, na mtu aliyechoka hushukuru akipewa sababu ya kukaa. Nyumba moja iliacha, kisha jirani yake, kisha ukoo mzima wa upande wa bonde. Wengine walisema watanunua pampu kama Kimaiyo, ila hawakununua. Wengine walirudia kung'oa kupe kwa mkono kama babu zao. Michango ikapungua. Kosgei akawa ananunua dawa kidogo na kuizidishia maji. Maji yakakosa wabebaji, tope likapanda, na ng'ombe wakawa wanatokea upande wa pili wakiwa wamejaa matope badala ya dawa. Kufikia kiangazi cha mwaka uliofuata, maneno ya Kimaiyo yalikuwa yamegeuka kweli. Dipu ilikuwa maji matupu.

Kimaiyo alipita pale siku moja akamwona Kosgei peke yake ndani ya handaki, suruali imekunjwa, akichota tope kwa ndoo na kulipandisha ngazi. Alisimama nyuma ya banda akamtazama kwa muda mrefu. Moyo wake ulipata utamu, na alirudi nyumbani akala chakula chote alichowekewa.

Jioni moja jua likiwa bado juu ya milima, Kosgei alivuka ua akaja kumwona. Chepngeno alimpa kigoda na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, kisha akakaa karibu na mlango ambako angeweza kusikia. Kosgei hakuzunguka.

"Mzee, kama dawa ilikuwa na shida, kwa nini hukuniambia mimi?"

"Mimi sina ng'ombe katika dipu yako."

"Si yangu."

"Ufunguo uko kwa nani?"

Kosgei aliingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akauweka chini kati yao. "Uchukue. Nitawaambia watu nimechoka. Watakuja kwako, na dipu itapona. Mimi nitabeba maji kama mtu yeyote."

Kimaiyo aliutazama ufunguo ule. Hakuna siku aliyokuwa hajautamani. Lakini alipouona pale chini, alijua kwamba akiuokota, katika maisha yake yote atakuwa mwenyekiti kwa sababu Kosgei alimwonea huruma. Na watu wangemsifu Kosgei tena kwa moyo wake mkubwa. Hata kushindwa kwa Kosgei kungekuwa ushindi.

"Rudi na kitu chako," alisema.

Kosgei alimaliza mursik yake bila haraka, akamshukuru Chepngeno, akaokota ufunguo, akaenda. Chepngeno hakumsemesha mumewe siku ile wala siku iliyofuata.

Karibu na mto aliishi mjane mzee, Chepkemboi, ambaye watu wote walimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu mwenye maziwa, mweusi, mpole, aliyemfuata kama mbwa. Kogo alikuwa miongoni mwa wale walioacha dipu kwa neno la Kimaiyo, na alipoacha, alikuja kumuuliza ampeleke wapi ng'ombe wake sasa. Kimaiyo alimwambia amlete kwake. Alifurahi kuombwa. Mara za kwanza alimnyunyizia yule mweusi kwa uangalifu, akampangusa masikio, na Kogo akambariki kwa kumtemea mate kidogo kifuani kama ilivyo desturi ya wazee.

Lakini msimu wa kulima ulifika, na Kimaiyo alikuwa shambani na maksai kutwa. Kogo alikuja akaambiwa arudi siku nyingine. Alirudi, akakuta dawa imekwisha na Kimaiyo hajashuka mjini. Njia ya kutoka mtoni ni mlima, na magoti yake hayakuwa mazuri. Baada ya hapo hakuja tena. Kimaiyo aliliona hilo, akajisemea kwamba atamtembelea mvua ikipungua.

Mvua ya mwaka huo haikupungua. Nyasi zilifika magotini, na kupe walijaa kila ncha ya jani wakingoja mguu wa kushika. Kwanza ndama wa upande wa bonde walianza kuvimba tezi chini ya masikio, kisha homa, kisha kukohoa, na povu jeupe likawatoka puani. Kila mtu aliijua ndigana, homa iletwayo na kupe. Walioacha dipu ndio waliopigwa kwanza, lakini wale wachache waliobaki nayo hawakunusurika, maana njia ya mtoni ilikuwa moja na malisho ya ukingoni yalikuwa ya wote, na dawa ya Kosgei haikuwa na nguvu. Kosgei alipoteza ng'ombe wake wawili, mmoja wao yule jike mwenye madoa.

Wa Kimaiyo hawakufa. Wote walisimama zizini wakiwa wanang'aa, wakicheua. Watu walipopita walitazama zizi lake, kisha wakamtazama yeye, kisha wakaendelea na safari. Hakuna aliyemwomba pampu. Alikuwa amefikiri kwamba siku ng'ombe wa Kosgei watakapokufa na wake wakaishi, dunia nzima itajua nani alikuwa bwana wa kazi ile. Siku hiyo ilikuwa imefika, na hakuna aliyekuja kusema neno.

Asubuhi moja Kogo Chepkemboi alituma ujumbe kwa majirani kwamba mweusi amekufa, naye hana nguvu za kuchimba. Kimaiyo alichukua jembe akashuka. Alipofika alimkuta Kosgei tayari amechimba mpaka kiunoni, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amezika ng'ombe wake juzi. Kimaiyo aliingia upande wa pili wa shimo. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, na walichimba mgongo kwa mgongo.

Kogo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na kichwa cha ng'ombe wake, akimfukuza nzi kwa kitawi kana kwamba bado walikuwa wanamsumbua.

"Nilisikia dipu ni maji," alisema. "Mtu fulani aliniambia. Sikumbuki tena ni nani."

Alikumbuka vizuri. Kimaiyo alijua kwamba anakumbuka, na Kosgei, ambaye jembe lake lilisimama kidogo hewani kabla ya kushuka tena, alijua pia. Mwanamke mzee aliyekuwa amepoteza kila kitu alikuwa anamsitiri. Kimaiyo aliinama akachimba kwa nguvu mpaka mpini ukamchubua mkono.

Walipokwisha kumfukia yule mweusi, Kogo alisimama kuwashukuru. Alimshika mkono Kosgei kwanza, akamwita kwa jina la ukoo wake, kisha akamgeukia Kimaiyo. Na Kimaiyo, akiwa na udongo wa kaburi viatuni, akagundua kwamba ameona. Ameona nani alitangulia kushikwa mkono. Hata pale. Jambo hilo lilimtisha kuliko ndigana. Alipanda mlima kurudi kwake akiwa ametangulia mbele, ili Kosgei asimwone uso.

Alimsimulia Chepngeno yote, na lile la mwisho pia. Alimwambia hajui afanye nini na moyo wa namna hiyo.

"Moyo wako utaushughulikia wewe na Mungu," alisema Chepngeno. "Maji yanabebwa kwa maksai. Maksai unao."

Siku ya dipu iliyofuata, jua lilipochomoza tu, Kimaiyo alifunga maksai wake kwenye sileji, gari la mbao lisilo na magurudumu, akapakia mapipa, akashuka mtoni. Njia ya kutoka mtoni hadi kwenye dipu hupita mbele ya karibu kila boma la Kapfilimbi. Watu walitoka nje kumtazama akipita na mapipa yanayomwagika, koti lake limelowa. Alikwenda akarudi, akaenda tena akarudi, mpaka maksai wakaanza kukataa. Kosgei alikuwa ndani ya handaki akimalizia tope la mwisho na vijana wawili wa kanisa. Alimwona, akamsalimu, "Chamgei," naye akaitikia.

Mchana alifungua zizi akawatoa ng'ombe wake wote, wale wanaong'aa, ambao kila mtu alijua hawana haja ya dipu. Akawaswaga barabarani kwa mwendo wa taratibu. Majirani waliokuwa na ng'ombe waliobaki walitazamana, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kufungua mazizi yao.

Pale langoni pa dipu, watu walipokuwa wamekusanyika wakingoja awaingize ng'ombe wake, Kimaiyo alisema kwa sauti ya kusikika, "Dawa ya hapa ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Tuliiharibu sisi tulioondoka." Alisema sisi. Hakuweza kusema mimi. Kogo Chepkemboi alikuwapo, hana ng'ombe wa kuosha, amekuja tu kutazama, na alitikisa kichwa kidogo kukubali, kama mtu aliyepokea sehemu ya deni na kuona yafaa kwa leo.

Basi dipu ilipona, ingawa si kwa siku moja. Wengine walichelewa kurudi kwa aibu, wengine mpaka wakatishiwa na chifu. Mchango uliporudi, dawa ilipata nguvu, na mvua za mwaka uliofuata hazikuua wengi. Wakubwa wa mifugo wa Nakuru walileta wageni kutoka Molo na Subukia kutazama jinsi watu wa Kapfilimbi wanavyojiendeshea. Walimpiga Kosgei picha akiwa ameshika kopo la dawa. Kimaiyo alikuwa nyuma ya banda akikoroga, na kwenye picha iliyobandikwa ofisini huonekana kiwiko chake tu. Aliiona picha hiyo mara moja na hakutaka kuiona tena.

Kwa maana wivu wake haukuisha. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadhi ya watu hupenda kusimulia kwamba wawili hao walikuwa marafiki wa kufa kuzikana. Hawakuwa. Miaka yote ya sabini ilipita, Kosgei akachaguliwa tena na tena, akaingizwa na katika kamati ya maziwa, na kila mara Kimaiyo alirudi nyumbani akanuna siku kadhaa. Lakini zamu yake ya maji haikumpita tena, hata kiangazi kile kibaya mto ulipobaki madimbwi. Alikuwa anakwenda akiwa amenuna.

Jambo lingine alilolifanya ni lile la ndama. Ng'ombe wake bora alipozaa jike, alimlea mpaka akaacha kunyonya, kisha akamshusha mtoni akamfunga mlangoni pa Kogo Chepkemboi. Hakusema mengi. Kogo alimshika ndama masikio, akayachungulia ndani, akaona ni safi.

Ndama alikua, akawa mtamba, na siku Kogo alipompeleka kwenye dipu kwa mara ya kwanza, watu walimzunguka kumpongeza. Kimaiyo alikuwa upande wa pili wa uzio, akisikia.

"Ni kwa sababu ya mwenyekiti," Kogo alikuwa akiwaambia. "Kosgei ndiye aliyemlainisha Kimaiyo moyo. Bila yeye nisingepata huyu."

Watu waliitikia kwamba ni kweli, Kosgei ana kipaji cha watu. Chepngeno, aliyekuwa amesimama karibu na mumewe na fimbo mkononi, aliona shingo yake inavyokaza. Alimsogelea akamuuliza kwa kunong'ona kama anataka yeye mkewe aende akawaeleze watu kwamba Kosgei hata hakujua habari za ndama yule mpaka alipomwona.

"Hapana," alisema Kimaiyo.

Alitaka sana. Alishika uzio kwa mikono yote miwili, akamngoja mtamba wa Kogo amalize, kisha akawaita ng'ombe wake.